Kijinga cha Minza

Hapo zamani, kabla kiberiti hakijauzwa dukani, palikuwa na kijiji kiitwacho Busame, na huko moto ulikuwa na sheria yake. Sogeeni karibu. Anayetaka hadithi ya kucheka akamtafute mtu mwingine, mimi leo sina.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke akichoshwa na kipigo, alichomoa kijinga, yaani ukuni unaowaka, katika mafiga yake mwenyewe, akakishika mkononi, akaenda kupiga hodi kwenye nyumba yoyote aliyoitaka. Mwenye nyumba akikipokea na kukisukuma katika mafiga yake, mwanamke yule na watoto wake walikuwa salama. Mume akithubutu kuvuka kizingiti cha nyumba ile, kijiji kizima kilimnyima moto. Hakuna wa kumpa hata kaa moja. Angekula mbichi, angelala na baridi, mpaka ahame.

Naona mnatikisa vichwa, mnasema sheria nzuri. Hata mimi niliisifu siku ya kwanza nilipoisikia.

Sasa, Minza alikuwa mke wa Lushinge, mhunzi wa Busame. Majembe yote ya kijiji aliyafua Lushinge, mwingine hakuwapo. Mchana alipiga chuma, jioni alimpiga Minza. Alipompiga kwa sababu ya chumvi, watu walisikia. Alipompiga bila sababu, watu walisikia. Alipoanza kumpiga na Kabula, binti yao, ambaye alikuwa bado anang'oka meno ya utoto, watu walisikia vilevile, kisha wakaulizana kama majembe yatakuwa tayari mvua zikianza.

Alasiri moja, mawingu yametanda, Lushinge alimtupa mtoto ukutani. Mkono wa Kabula ukavunjika. Lushinge akatoka kwenda kiwandani kwake kufua. Minza hakulia. Alichomoa kijinga, akakikinga kwa kigae cha chungu kisipigwe na upepo, akamwambia mtoto amshike nguo kwa mkono mzima, wakatoka.

Akaenda kwanza kwa Milembe, shoga yake tangu utotoni.

"Hodi, Milembe."

Milembe alifungua mlango akitabasamu. Alipoona kijinga, tabasamu likamwisha.

"Shoga yangu," alisema, "mume wangu yuko porini anachoma makaa. Sheria unaijua. Mwanamke aliye peke yake hapokei kijinga, na akikipokea hakihesabiki. Lushinge atavuka hapa na hakuna atakayemnyima moto. Nikuweke ndani nikijua mlango wangu hauzuii kitu?"

"Basi mchukue mtoto."

"Mtoto hufuata kijinga, Minza. Nenda kwa kaka yako. Yeye ni mwanamume, tena yuko nyumbani."

Akachana nguo yake, akaufunga mkono wa mtoto, akafunga na mlango. Minza alimsikia akilia upande wa pili, akaenda zake.

Akafika kwa Shija, kaka yake, tumbo moja.

"Hodi, kaka."

Shija alitoka nje, akauvuta mlango nyuma yake. Alikitazama kijinga, akautazama mkono wa mtoto, akayatazama mawingu. Macho yake yakabaki kwenye mawingu.

"Dada, sisemi hujaonewa. Umeonewa. Lakini fikiri kidogo. Adhabu yetu ni kumnyima mtu moto. Lushinge ni mhunzi. Moto anao yeye, sisi ndio tunaokwenda kumwomba. Nani atamnyima nini? Nikikupokea leo, kesho hafui jembe la mtu yeyote, na mvua ndiyo hiyo. Watoto wa kijiji hiki watakula nini?"

"Na huyu wangu je, kaka?"

"Subiri tupande. Tukishapanda nitakuja kukuchukua mimi mwenyewe. Au nenda kwa Bibi Nkamba. Sheria ni yake. Akipokea yeye, lawama haimfiki mtu."

Wakati wanazungumza, mvua ilianza kunyesha.

Bibi Nkamba mumfahamu vizuri kabla hamjamtukana. Alipokuwa msichana, dada yake aliuawa na mumewe, na alikufa mlangoni mwa watu, akipiga hodi bila kuitikiwa. Nkamba alikaa juu ya kaburi la dada yake akakataa chakula, mpaka wanaume wa Busame wakaikubali sheria ya kijinga. Katika wanawake wote, yeye tu ndiye aliyeruhusiwa kupokea bila mwanamume nyumbani. Wako wanawake waliozeeka Busame kwa sababu yake.

"Hodi, bibi."

"Karibu, mjukuu wangu. Nipe kijinga."

Minza akaondoa kigae. Kijinga kilikuwa kimezimika, hata moshi hakikutoa.

"Kiliwaka, bibi," alisema Minza. "Kwa Milembe kiliwaka. Kwa Shija kiliwaka. Ni mvua tu."

"Najua. Nakuamini." Bibi Nkamba alikigusa kijinga kwa kidole. "Lakini wanaume waliikubali sheria hii shingo upande, na tangu siku ile wanatafuta pa kuivunjia. Nikipokea kilichozimika leo, kesho watasema Nkamba anapokea chochote, sheria imekwisha. Hapo hatapona mwanamke mwingine. Rudi ukachukue kingine. Lushinge yuko kiwandani kwenye mivukuto yake, hatakuona. Mtoto mwache hapa upenuni, nitamtazama."

"Bibi, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Kimbia, mjukuu wangu."

Minza akakimbia. Lakini Lushinge alikuwa ameshaacha kufua kwa sababu ya mvua ileile, na alikuwa amekaa jikoni.

Habari ya Minza naikata hapo. Mnaijua, na kama hamuijui, waulizeni majirani zenu.

Asubuhi Lushinge alisema mkewe aliteleza, akaangukia mafiga. Watu wakamtazama Lushinge, wakayatazama mashamba yaliyolowa, wakasema kuteleza kupo. Wakamzika Minza. Udongo wa kaburi uliwabakia miguuni walipokuwa wanampelekea Lushinge majembe, naye aliyafua yote siku hiyo, wala hakumrudisha mtu.

Wanaume wakiwa bado hawajatawanyika pale kiwandani, Kabula aliondoka upenuni kwa Bibi Nkamba, akaingia jikoni kwa mama yake. Moto ulikuwa bado haujafa. Akachomoa kijinga kwa mkono wake mzima. Hakukikinga, kwa kuwa mkono wa kushika kigae hakuwa nao. Akaenda akasimama katikati ya kijiji, mbele za watu wote. Hakupiga hodi popote. Milango yote aliyoijua alikuwa ameshaipitia na mama yake.

Hapo ndipo milango ilipofunguka. Lo, jinsi ilivyofunguka.

Milembe alikuja mbio, amemburura mumewe aliyerudi porini na masizi yake. "Mtoto ni wangu," alisema. "Mimi sikumdanganya mama yake. Nilimwambia ukweli kuhusu mlango wangu, na mkono huu niliufunga mimi, nguo yangu hii hapa. Jana mwanamume hakuwapo, leo yupo. Nipeni kijinga."

Shija akaja. "Mimi ni mjomba wake. Damu ni damu. Jana nilihofia njaa ya watoto wote wa Busame, na ninyi mliokaa kimya mlihofia hiyohiyo. Leo majembe yameshafuliwa. Lushinge hana tena cha kunitishia. Nipeni kijinga." Ndivyo alivyosema, jembe jipya likiwa begani mwake.

Bibi Nkamba akaja akijikongoja. "Kama si mimi, kijinga hiki kingekuwa ukuni tu. Sheria niliileta mimi, na mimi ndiye niliyemrudisha mama yake kwa ajili ya sheria. Sina usingizi tena hapa duniani. Nipeni mtoto nimlinde, nife namtazama."

"Utakufa lini, bibi?" akauliza Shija. "Ukifa wewe, kijinga kimekosa mwenyewe, mtoto anarudi kwa baba yake."

"Na wewe je?" akasema Milembe. "Msimu ujao jembe likivunjika si utampeleka kwa baba yake wewe mwenyewe?"

"Afadhali mimi nilitoka nje nikaongea na dada yangu. Wewe ulilia nyuma ya mlango."

"Mlango wako na wake," akasema Bibi Nkamba, "ndiyo iliyouchelewesha moto mpaka ukanikuta mimi na mvua."

Basi wakawakiana. Na ubaya wake ni kwamba kila mmoja alisema kweli kuhusu mwenzake.

Lushinge alikuwa amesimama mlangoni pa kiwanda chake, anajifuta jasho. Hakupandisha sauti. "Sheria yenu ina neno la mwisho mnalolisahau," alisema. "Kijinga kisichopokewa hurudi jikoni kilikotoka. Endeleeni tu. Mimi nangoja." Watu wakamtazama Bibi Nkamba ili akane. Hakukana, maana ndivyo sheria ilivyokuwa.

Wakarudi kubishana, sasa kwa haraka na kwa sauti kubwa zaidi. Kijinga kikazidi kuwa kifupi. Kabula alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Kinaniunguza," alisema. Hawakumsikia.

Hadithi hii nimeisimulia kwingi, na kila ninapokwenda watu hubishana mpaka uji unapoa. Wengine husema wote watatu hawafai. Mimi huwauliza, basi mtoto arudi kwa Lushinge? Wengine husema sheria ile ilikuwa na kasoro, ingebadilishwa. Haya, ibadilisheni, nani amewazuia? Lakini mkiwa mnaibadilisha mkumbuke kwamba yuko mtoto amesimama uwanjani, mkono mmoja umevunjika na wa pili umeshika moto, na hawezi kuuachia, kwa sababu akiuachia ukazimika, atakuwa hana kitu cha kupokewa nacho.

Zamu yenu sasa. Msinitazame mimi, mimi ni msimulizi tu, na nyumba yangu iko mbali. Lushinge anangoja mlangoni. Kijinga kimeshafika vidoleni. Semeni upesi: je, nani alistahili kukipokea?