Mshenga Aliyeota Majani

Hapo zamani, na mtu asiniulize mwaka, palikuwa na mji wa milimani wenye baridi ya kuchana midomo. Katika mji huo alikaa mama mmoja mjane, Bi Mwantumu, na binti mmoja, Siwema, katika nyumba moja. Nasema moja, moja, moja, ili mjue kwamba hapakuwa na akiba. Nyumba ile Bi Mwantumu aliijenga mwenyewe. Udongo aliuchota mwenyewe, fito alizifunga mwenyewe, kuta alizikandika kwa viganja vyake mwenyewe, na ukitazama vizuri ukutani uliviona vidole vyake vyote kumi. Ishikeni vizuri nyumba hiyo, maana ndiyo inayotaka kuanguka.

Basi ng'ambo ya bonde palikuwa na mshona viatu, jina lake Shebughe. Alimpenda Siwema mpaka akawa anashona viatu viwili vya mguu wa kushoto. Siku moja akampelekea zawadi: kalenda ndani ya fremu. Pichani palikuwa na nyumba ya mawe ya nchi za mbali, imevaa majani ya kutambaa kutoka msingi hadi bomba la moshi, na dirishani mume na mke wameshika vikombe, wanatazamana.

Siwema aliitazama picha ile akashusha pumzi, paka akahama.

"Mama, hii ndiyo nyumba ya mahaba."

"Mimi naona nyumba isiyofagiliwa," akasema Bi Mwantumu.

Lakini binti akishapenda picha, nani wa kumbandua? Akampelekea Shebughe salamu: kama wanipenda kweli, nivalishie nyumba yetu. Shebughe hakuuliza mara mbili. Alipanda mlima hadi kwenye bustani ya mgeni mmoja aliyekwisha hama, akakata tawi dogo, akalifunga katika kitambaa chenye maji, akatembea nalo siku mbili akiliimbia. Akalipanda pembeni mwa baraza ya Bi Mwantumu, karibu na nguzo. Siku ya tatu akatuma posa.

Sasa shikeni mila za mji ule, maana bila mila hizi hakuna hadithi. Mshenga akishaketi na kutoa neno lake, hainuki mpaka ajibiwe. Akijibiwa, iwe ndiyo, iwe hapana, huinuka papo hapo na kulipeleka jibu. Mama wa binti naye hajibu haraka, kwani akijibu haraka watu watasema alimchoka mwanawe. Na mchumba akishatuma posa hakanyagi ua wa wakwe mpaka jibu limfikie. Habari ya choo msiniulize. Hadithi hii ina adabu zake.

Mshenga alikuwa Bwana Makange, mtu wa mgongo mpana na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama peke yake. Alikuwa amepeleka posa ishirini na hajawahi kurudishwa. Akabisha hodi, akakaribishwa, akapewa kigoda pembeni mwa baraza, mgongo ukutani. Akatoa neno lake kwa ufasaha.

"Tumesikia," akasema Bi Mwantumu. "Tupe muda."

"Muda upo," akasema Bwana Makange, akajiweka sawa.

Na mmea nao ukajiweka sawa.

Siku ya kwanza ulishika nguzo. Siku ya pili ulishika kamba ya kuanikia nguo, na kanga ya Siwema ikapanda juu ya paa bila ngazi. Siku ya nne ulishika bati. Mbuzi wa jirani alionja jani moja, akatema, akamtazama Siwema kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Siwema yeye alifurahi. Kila asubuhi aliumwagilia maji ya kuoshea mchele, akihesabu majani, na kila jani alisema ni siku moja ya mapenzi ya Shebughe.

"Siwema mwanangu, niupunguze kidogo?" mama akauliza, ameshika kisu cha mboga.

"Mama! Utamkata Shebughe?"

Mama akarudisha kisu jikoni.

Juma la pili Bi Mwantumu alitoka na uji wa mgeni.

"Bwana Makange, u mzima hapo?"

"Mzima kabisa, Bi Mwantumu. Kigoda kizuri, upepo mzuri."

"Naona jani limekukalia begani."

"Ni dogo tu. Lina adabu zake."

Juma la tatu akatoka tena.

"Bwana Makange, naona limekuzunguka kiuno."

"Linanipa joto, Bi Mwantumu. Na baridi ya kwenu mnaijua."

Juma la tano ilikuwa imebaki kofia tu. Kuku akaingia ndani ya majani juu ya kofia, akataga.

"Bwana Makange, samahani sana, kuku wetu..."

"Yai la baraka," sauti ikatoka ndani ya majani. "Msimfukuze."

Mnaona wenyewe. Mwenyeji hawezi kumwambia mgeni kwamba anaota majani, itaonekana anamfukuza. Mgeni hawezi kusema anabanwa, itaonekana anaharakisha jibu. Basi wakaendelea kusalimiana. Siwema akawa anapenyeza kijiko cha uji kati ya majani, akimtafuta mdomo kwa kusikiliza anapopumulia.

Na watu? Watu walisifu! Walitoka vijiji vitatu kuja kuitazama. "Nyumba ya mahaba hiyo!" Maharusi walikuja kusimama mbele yake wapigwe picha, na picha zikitoka wanaulizana yule mnene wa kijani katikati ni nani. Kila mmoja akaondoka na tawi lake. Mwezi haujaisha, mtu mmoja akaikosa njia ya kwenda kisimani kwake, na mwingine akaikosa migomba yake yote na kiti cha nje. Lakini hao wana hadithi yao, mimi nina nyumba yangu ya kuisimamia.

Asubuhi moja Bi Mwantumu alifunua birika akakuta jani. Akafuata kikamba cha jani lile kwa mkono. Kimepita chini ya meza, kimepita nyuma ya kitanda, kimeingia ukutani. Akaugusa ukuta. Ukuta ukamwagika mkononi kama unga. Mizizi ilikuwa imeingia katika kila ufa, imeula udongo wote, na pale palipokuwa na alama za vidole vyake pametambaa vidole vingine, vidogo, vya kahawia, maelfu. Mama yule alikaa chini akalia. Alilia kwa sauti, kwa sababu ile ilikuwa nyumba yake na hakuwa na nyingine.

Alipomaliza kulia akajifuta, akajitanda kanga, akatoka barazani.

"Bwana Makange. Leo nakupa jibu."

Majani yakatikisika kwa furaha. "Nasikiliza, Bi Mwantumu!" Na kwa kuwa mshenga mzuri hujiandaa mapema, akavuta miguu, akakaza kiuno, akaanza kuinuka.

Kraa! ikasema nyumba.

Bati likashuka dhiraa nzima. Nguzo ya baraza, iliyokwisha oza ndani ya majani, ikaanguka vipande viwili. Siwema akatoka mbio na fremu ya kalenda kifuani.

"Usiinuke!" akapiga kelele.

"Siwezi kujibiwa nikabaki nimeketi!" akalia Bwana Makange.

"Mama, usijibu!"

Bi Mwantumu akaziba mdomo wake kwa mikono miwili, jibu likabaki ndani.

Ndipo nikaitwa mimi. Kazi yangu ni kukandika nyumba, na ninatembea na panga. Nikazunguka nyumba mara mbili, nikachungulia, nikagonga, nikatikisa kichwa. Ukuta hapana. Nguzo hapana. Bati lote na mmea wote vilikuwa vimefungwa kwenye mgongo wa Bwana Makange. Yeye ndiye nguzo.

Nikawaambia: "Mmea nitaukata, ukuta nitaukandika upya. Lakini udongo kwa baridi hii hukauka kwa siku arobaini. Siku zote hizo lazima mtu akae pale pale, mgongo wake ubebe nyumba. Huyu mzee amechoka, na posa haiendi mpaka aende yeye. Nani anakaa?"

Oo, niliuliza nini!

"Akae Siwema," akasema Bwana Makange kutoka majanini. "Yeye ndiye aliyeutaka, yeye ndiye aliyeunywesha, yeye ndiye aliyekataza usikatwe. Mimi nilikuja na neno tu na kanzu yangu safi. Sijaiona kanzu hiyo tangu masika."

"Akae Shebughe!" akasema Siwema. "Mimi niliomba picha. Na picha haikuwa hivi!" Akaivunja fremu kwa hasira, akaitoa kalenda. Lahaula! Ukingo wake ulikuwa umekunjwa kwa nyuma. Akaukunjua. Pembeni mwa nyumba ile ya mahaba, juu ya ngazi, alisimama mzee mmoja na mkasi mkubwa, jasho linamtiririka, miguuni pake rundo la majani linalozidi nyumba. Na uso wake, jamani, haukuwa wa mtu aliye katika mahaba.

Shebughe alikuwa njiani, nje ya ua, kwa kuwa hakuruhusiwa kukanyaga. Akajitetea kwa kupaza sauti.

"Fremu ilikuwa ndogo! Ama niwakunje wapenzi, ama nimkunje mzee! Ninyi mngemkunja nani? Na mimi ningekuja kuukata kila siku, lakini nani aliyenizuia mlangoni kwa kutonijibu? Akae mama!"

Kisha akajiziba mdomo, maana alikuwa amemsema mkwe.

Wote wakamgeukia Bi Mwantumu. Tulidhani atawaka. Hakuwaka. Akasema polepole:

"Jibu nilikuwa nalo siku ile ile aliyoketi. Kabla hajamaliza kusema nilikwisha kukubali. Nikasema, ngoja siku moja. Nikasema, ngoja nyingine. Si kwa mila. Nikijibu, Siwema anaondoka, na mimi nabaki na kuta. Basi nikawa namletea mgeni uji, naona majani yanampanda, nasema moyoni: na yampande. Niliiona nyumba inaliwa, nikamwacha mwanangu aendelee kuihesabia majani, maana kila asubuhi akihesabu alikuwa bado yuko."

Kuku aliyekuwa kofiani akageuza mayai yake.

Halafu mambo yakageuka, na hapa ndipo waliponichosha kabisa.

Siwema akatupa kalenda. "Nitakaa mimi. Mama ameibeba nyumba hii tangu sijazaliwa. Siku arobaini si nyingi kwangu."

"Bibi arusi ndani ya ukuta?" akasema Bi Mwantumu. "Nitakaa mimi. Nyumba yangu, kosa langu, mgongo wangu."

"Ukikaa wewe, mama, nani atanitoa mlangoni siku yangu? Nani atanipigia vigelegele? Nitolewe na fundi huyu mwenye panga?"

Sikuupenda mfano huo.

"Nitakaa mimi!" akapiga kelele Shebughe njiani. "Mimi niliupanda! Nijibuni niingie nikae!"

"Ukijibiwa nitainuka, nikiinuka nyumba inaanguka," akasema Bwana Makange. "Nitaendelea mimi. Nimekwisha zoea. Na tangu nianze ushenga sijawahi kuacha posa njiani. Isitoshe, yule kuku amelalia mayai."

"Hapana, Bwana Makange, umechoka, tafadhali inuka."

"Hapana, Siwema, ninyi vijana, tangulieni."

"Hapana, mwanangu, nipishe."

"Hapana, mama, nipishe mimi!"

Ile adabu yao, ile ile iliyomfunika mtu kwa majani akiwa hai, ikarudi upya. Kila mtu anampisha mwenzake. Kila mtu anamshika mwenzake mkono asiketi. Mmea wao haukumpisha mtu. Nilitazama chini nikaona kikamba kimoja kimekwisha mshika Siwema kifundo cha mguu.

"Fundi," wakaniambia, "wewe huna upande. Amua. Karibu kwanza, keti."

Wakaniletea kigoda. Nikakitazama kigoda. Kigoda kikanitazama. Nikasema sitaketi, nina safari ya kwenda kukata fito, na njiani nitauliza watu wenye akili.

Basi ndiyo nimefika kwenu. Na mnisamehe jambo moja. Niliwaambia hapo zamani ili mtulie msikilize. Si zamani. Ni asubuhi ya leo. Bwana Makange yuko pale sasa hivi, bati liko mgongoni, wingu limeshika kilele cha mlima, na Bi Mwantumu amesimama uani ameziba mdomo, ndiyo yake imejaa kinywani.

Yuko aliyelipanda tawi kwa mapenzi, akamkunja mzee wa mkasi. Yuko aliyeumwagilia maji, akamlisha mshenga kijiko kwa kijiko. Yuko mshenga aliyenyamaza akigeuka kichaka, na bila yeye bati lingekuwa chini. Yuko mama aliyenyima neno moja kwa kuogopa kubaki peke yake, na nyumba ni ya viganja vyake.

Fito zangu ninazo. Udongo umekwisha kandwa. Nijibuni upesi niondoke, na kwa hisani yenu jibuni mmesimama:

Je, nani anastahili kukaa?