Kidonda cha Tunu na Kapu la Mtama

Nisikilizeni, na anayetaka kusinzia akasinzie kwake. Hapo zamani palikuwa na mji unaitwa Lungwi, mji wa wafinyanzi na wahunzi, na mji huo ulikuwa na ghala. Kila aliyeuza kitu sokoni, awe muuza vyungu au muuza chumvi, alimimina kibaba kimoja cha mtama ghalani kabla ya kufunga biashara yake. Mtama ule ulikuwa wa umma. Ulimlisha askari wa lango. Ulimlisha kadhi. Ulimlisha hata mnyang'anyi aliyefungwa gerezani, maana watu wa Lungwi walisema mfungwa akifa njaa ni aibu ya mji mzima.

Na aliyejeruhiwa na mnyang'anyi je? Naye alikuwa na haki yake, ngojeni niwaeleze. Kila Ijumaa alikwenda ghalani, akapanga foleni mbele ya Karani Mbaruku. Karani alichukua kitambaa cheupe, akakibandika juu ya jeraha. Kikitoka na damu, mtu alipewa kapu la mtama. Kikitoka safi, karani alisema, "Umepona. Anayefuata!" Basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, na watu waliona ni sheria ya haki kabisa, kwa sababu kitambaa hakimpendelei mtu.

Mwaka mmoja wanyang'anyi waliingia Lungwi mchana kweupe. Walimkuta mhunzi Chande kiwandani kwake, yeye na mdogo wake. Chande aliwahi kujificha nyuma ya mivukuto. Mdogo wake hakuwahi. Chande akaona yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Tunu, mfinyanzi, walimkuta njiani akitoka kuchimba udongo. Wakampiga panga mkononi, wakamfanyia na mengine ambayo mwenyewe hakuyasema, na mimi siyasemi.

Ijumaa ile Chande alikwenda ghalani. Karani akamwuliza, "Jeraha liko wapi?"

Chande akasema, "Bwana Karani, sishiki nyundo. Nikisikia chuma kinagongwa, naanguka. Sijalala tangu siku ile."

Karani akambandika kitambaa kifuani. Kikatoka cheupe. "Umepona. Anayefuata!"

Tunu alipata kapu lake majuma matano. Juma la sita kitambaa kikatoka cheupe. "Umepona. Anayefuata!" Lakini Tunu hakuweza kwenda machimboni. Hakuweza kuupa mgongo mlango ulio wazi. Akisikia hatua nyuma yake, chungu kinamponyoka. Sasa niambieni, huyo amepona nini?

Palikuwa na mjane, Bi Siwema, msuka mikeka. Yeye ndiye aliyewaita uani kwake, Chande na Tunu na wengine kumi na kitu. Dawa ya kunywa hakuwa nayo. Walikaa wakasuka ukili. Anayetaka kusema alisema, anayetaka kulia alilia, asiyetaka lolote alisuka. Kila asubuhi Bi Siwema alimshika Tunu mkono wakaelekea machimboni: juma hili mpaka kisimani, juma lijalo mpaka kwenye daraja, na Tunu akitetemeka wanarudi, kesho wanaanza tena. Chande naye, Bi Siwema alimgongea mawe mawili, polepole, kutoka mbali. Kisha karibu kidogo. Kisha kwa nguvu kidogo. Hiyo ni kazi ya miezi, wala si ya Ijumaa moja. Na watu wale walikula kwake, mpaka siku aliyokung'uta gunia lake la mwisho.

Bi Siwema akapiga moyo konde, akaenda kwa Jumbe, mkuu wa mji.

Jumbe akamwambia, "Bi Siwema, kazi yako ni njema, Mungu atakulipa."

"Mungu atanilipa kwa wakati wake, Bwana Jumbe. Mimi leo nimekuja kwako."

"Ghala haliwezi kulisha huzuni. Huzuni haionekani. Tukianza hivyo, kesho kila aliyenuna atapanga foleni."

Bi Siwema akaja juu. "Aliyempiga Tunu panga amekamatwa, yumo gerezani kwako, anakula uji asubuhi na ugali jioni, na mtama huo Tunu alikuwa akiumimina kwa mkono wake! Yeye humwambii alete damu. Tunu ndiye unayemwambia alete damu. Njoo uani kwangu ukae siku moja tu, halafu uniambie kama hujaona kitu."

Jumbe hakwenda. Wakubwa wana shughuli nyingi.

Lakini Ijumaa iliyofuata Tunu aliingia uani na kapu la mtama kichwani. Akasema, "Karani amenionea huruma." Bi Siwema aliutazama mkono wa Tunu, umefungwa kitambaa kipya. Akamtazama usoni. Kisha akalipokea kapu, akainjika chungu. Hakuuliza. Mmesikia? Hakuuliza. Ijumaa ya pili kapu likaja, na ya tatu, na ya kumi, na uani watu wakala, wakasuka, wakaanza kulala usingizi. Chande akafika mahali pa kusikia chuma kikigongwa na asianguke.

Ikaenda hivyo miezi mitano. Alhamisi moja Chande alikwenda nyuma ya nyumba kuteka maji, akamkuta Tunu amekaa, kigae cha chungu mkononi, anajichana kovu lake. Mkono umevimba hadi kiwikoni.

"Dada Tunu! Unafanya nini?"

"Natafuta kapu la kesho."

"Acha! Mkono utaoza huo."

"Nikiacha utakula nini Jumatatu, kaka? Na yule mama wa pale uani, asiyesema, atakula nini? Mji unataka damu. Mimi ninayo."

Chande alimsihi mpaka akalia. Tunu hakusikia. Na ninyi mjue kwamba Lungwi, aliyeliibia ghala alifukuzwa mjini moja kwa moja, asirudi. Chande alilijua hilo. Usiku kucha alilijua.

Ijumaa, Tunu alipofika mbele ya karani, Chande akaupenya umati, akakinyakua kile kitambaa. "Enyi watu wa Lungwi! Mwanamke huyu jeraha lake lilifunga zamani. Kila juma analifungua upya ili sisi tule. Mimi nimeila damu hiyo miezi mitano. Nilijificha mara moja, sijifichi tena!"

Jumbe akaitwa. Akamwuliza Tunu, "Ni kweli?"

"Ni kweli," Tunu akasema, wala hakuinamisha uso. "Mlitaka damu, nimewaletea damu. Kama haijatosha, semeni."

"Afukuzwe!"

Ndipo Bi Siwema akaenda kuketi kwenye mlango wa ghala, akanyoosha miguu. "Mtaanza na mimi," akasema. Akawageukia wachuuzi. "Nanyi, mtama wenu ndio unaomfukuza. Bado mnamimina?"

Muuza chumvi akakifudikiza kibaba chake, mdomo chini. Wa vyungu akakifudikiza chake. Wa samaki, wa mboga, wote. Siku ya kwanza haikuingia punje ghalani, wala haikutoka. Siku ya pili haikuingia punje. Siku ya tatu askari wa lango wenyewe walianza kunung'unika. Siku ya nne Jumbe akaja mlangoni, na Bi Siwema hakuinuka.

Jumbe akasema, "Tunu hafukuzwi. Kitambaa kichomwe. Chumba kimoja cha ghala kitengwe kila mwaka, kwa sheria wala si kwa hisani, kiwalishe waliojeruhiwa na wale wanaowauguza, mpaka wapone kweli. Lakini ufunguo ni mmoja na mshikaji ni mmoja. Yeye ndiye atakayeamua nani apokelewe na kwa muda gani. Nileteeni jina. Kabla ya jina, mlango haufunguliwi."

Bi Siwema akasema, "Ufunguo ni wangu. Ua ni wangu, kazi nimeianza mimi mlipokuwa mnasema anayefuata, anayefuata. Nani mwingine anajua mtu hupona vipi?"

Tunu akamgeukia. "Mama, nakuheshimu. Lakini uliuona mkono wangu. Uliuona Ijumaa ya kwanza. Uliwaponya wengine kwa kidonda changu, ukanyamaza. Ufunguo ni wangu. Nimeulipia kwa mwili."

Bi Siwema machozi yakamtoka. "Niliuona. Nilihesabu watu kumi na nne na mkono mmoja. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Chande akasema, "Dada Tunu, wewe bado unaumwa. Ulikuwa ukiuguzwa, ukajichana. Atakayekuja akisema hajapona, utamwamini, au utamwambia mbona mimi nilivumilia? Ufunguo ni wangu. Sikuwa na tone la damu, kwa hiyo mimi ndiye ninayemjua yule asiye na tone. Na bila sauti yangu mngekuwa bado mnakula mkono wake."

Tunu akacheka, kicheko kichungu. "Siri ilikuwa yangu, Chande. Hukuniuliza. Uliitupa sokoni bila kujua kama wachuuzi wangefudikiza vibaba au wangeokota mawe. Wewe ulipata ujasiri wako, na mimi ndiye niliyekuwa nifukuzwe. Mtu wa kumwaga siri ya mtu ndiye wa kushika mlango wa waliojeruhiwa?"

 

Hapo ndipo nawaachia. Msiniambie wapewe wote watatu, maana nimewaambia mshikaji ni mmoja. Wala msiniambie ufunguo abaki nao Jumbe mpaka watu wapoe, nitaondoka na mkeka wangu. Na msichelewe kujibu. Siku ile kuna binti aliyevamiwa jana yake kwenye njia ya kisimani, ameletwa pale mbele ya ghala, amekaa chini tangu alfajiri. Hana jeraha la kuonyesha, hajasema neno, hajala. Mtama umo ndani na mlango umefungwa. Je, nani alistahili kuufungua?