Ngozi ya Waya ni ya Nyenje

Mpo? Tupo na masikio! Nimwage? Mwaga, tukinge!

Nilikuwepo mimi mwenyewe, kule Makete, nimechuchumaa mlangoni mwa maabara. Sikusimuliwa.

Nyenje alikuwa fundi wa sumaku. Alikuwa na fungu la nyaya, kila mmoja mwembamba kuliko unywele mara elfu. Alitaka zipeleke umeme kwenye taa ya kuyatia joto mayai yake, maana baridi ya Julai ilikuwa inayaua.

Kwanza akaziingiza kwenye sumaku kubwa, akaimba: chriii! Chembe za nyaya zikatikisika, zikaitikia: nnng! Nyenje akatega sikio. Za kwenye ngozi zikatulia upesi: nng, kimya. Za katikati zikajivuta: nnnnnnng... kimya.

"Ahaa! Penye umeme chembe hutulia upesi. Basi umeme unakimbia ngozini. Katikati kumelala."

Akakwangua ngozi kidogo, akaimba tena. Lo! Katikati palipotokea nje, napo pakaamka! Mdudu wa ukubwa wa kucha, anasikia yaliyo tumboni mwa waya! Mimi nilivua kofia.

Mara Fisi huyo, gudu gudu gudu!

"We kijidudu! Nasikia una umeme. Nipe!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipe!"

"Tugawane basi, kama mnavyogawana mzoga kwenu."

"Kwetu mkubwa hula cha ndani. Mdogo huramba ngozi."

"Sawa, mzee. Apa."

"Naapa kwa tumbo langu!" Na Fisi akiapia tumbo, harudi nyuma.

Akang'ata fungu, kwaru! Akatema ngozi. Umeme ukahamia juu ya kilichobaki.

"Cha ndani hiki! Changu!"

"Ndani wapi, mzee? Si kimetoka nje? Ni ngozi hiyo. Yangu."

Kwaru! "Changu!"

"Ngozi, mzee. Yangu."

Kwaru! "Cha..."

"Ngozi, mzee."

Meno matatu yakadondoka: ti, ti, ti! Fisi akashika shavu. "Baki na mingozi yako!" Akatokomea.

Nyenje akaunga nyaya zilizobaki. Taa ikawaka, waa! Mayai yakapata joto, yakaanguliwa yote. Chumba kizima kikaimba chriii, nikaziba masikio huku nacheka.

Funzo, ndugu zangu: ukitaka kujua kilichomo ndani ya kitu, usisumbuke kukisikiliza. Kitafune.

Hadithi nimeitua hapo, mwenye bega aibebe. Na ni kweli tupu, kila neno.

Haya, haya, msinitazame hivyo! Meno yalidondoka mawili. La tatu nimeling'oa mimi, kwa mdomo wangu huu.