Hodi Moja kwa Haja Tatu

Mjane mmoja alikuwa na mtumishi aitwaye Vuai, mtiifu kupita kiasi. Majirani walipolalamika kwamba Vuai anawasumbua kwa kupiga hodi kutwa, mjane akamwekea sharti: nyumba moja, hodi moja kwa siku. Vuai akalishika kama kiapo.

Ikafika siku ya kumwoza Mwanamvua, binti pekee wa mjane. Kadhi alikuwa na safari ya mwezi mzima, na alasiri isingemkuta pale. Watu watatu walikuwa bado hawajafika: bwana harusi, wali wa kumwoza bibi harusi, na shahidi wa pili. Wote wakikaa nyumba moja ng'ambo ya njia, nyumba ya vyumba kumi na viwili. Vuai akatumwa.

Akapiga hodi. Akatoka Pandu, bwana harusi, kanzu imenyooka, mafuta mpaka masikioni. Vuai akamleta, akamkalisha mkekani.

"Wali?" akauliza kadhi.

Vuai akatoka mbio mpaka mlangoni pale, kinywa wazi, akakumbuka. Hodi ya nyumba hii imekwisha pigwa. Akasimama kama kuku aliyemwagiwa maji. Wali ni mtu wa nyumba hii, aliwaza, na mtu wa nyumba hii si ninaye? Akarudi, akamshika Pandu mkono, akamsogeza mahali pa wali.

"Shahidi?"

Akamsogeza tena.

Kadhi akasoma alichoandika: Pandu anamwoza Pandu, na shahidi ni Pandu. Pandu mwenyewe jasho lilimtoka, hajui aitikie kwa mdomo upi. Kutoka ndani Mwanamvua akapaza sauti: "Mama, leo naolewa mimi au anaolewa Pandu?" Kadhi akaanza kutafuta viatu vyake.

Mjane akatoka mbio. "Vuai mwanangu, nyumba ni moja, haja ni tatu! Kapige hodi kwa kila haja, na useme unamtaka nani, aje kufanya nini."

Vuai akaenda, kichwa kinamzunguka. Hodi: namtaka ami yake bibi harusi, aje kuoza. Akatoka Ami Khatibu. Hodi: namtaka Mzee Ussi, aje kushuhudia. Akatoka Mzee Ussi. Mlango ni ule ule. Vuai akautazama kama mtu aliyeonyeshwa kiinimacho.

Mwanamvua akaolewa, kadhi ana kiatu kimoja mguuni.

Nanyi mnaomcheka Vuai: yule mwenzenu mliyembishia hodi mara moja tu, jibu lake la siku ile mmelifanya jibu la maswali mangapi bila kumbishia tena?