Mashine ya Eliwaza Isiyotembea

Kinu hakitembei, lakini nyumba hula. Asubuhi hii mmemsikia fundi Tausi akimjibu hivyo yule mteja aliyeicheka cherehani yake nzito isiyobebeka, na tangu hapo hamjaniacha nipumue, mnataka kujua methali hiyo imetoka wapi. Basi kaeni. Si ya kale kama mnavyodhani. Ilizaliwa kule Iramba, na aliyeisababisha alikuwa mchora ramani za nyumba aliyekwenda kununua kompyuta.

Jina lake Eliwaza Mkumbo. Alikuwa na chumba kimoja cha kazi chenye baraza, karibu na stendi ya Kiomboi. Kwa miaka minne alichora kwa kompyuta kuukuu aliyoazimwa na kaka yake, mwalimu Yonazi. Siku moja kompyuta ile ikazima katikati ya kazi, isiwake tena. Eliwaza hakulia sana, maana alikuwa amejiwekea akiba. Ila akiba yenyewe ilitosha mashine moja tu, na akikosea hapakuwa na ya kusahihishia.

Yonazi alimpenda dada yake, na alikuwa na la kusema kwa kila jambo.

"Nunua laptopu, mdogo wangu, tena yenye nguvu," alimwambia. "Mtaalamu hutembea na kazi yake kwapani. Mteja akikuona unaifungua mbele yake, ameshakuamini kabla hujasema neno."

Maneno hayo yalimwingia. Njia nzima ya kwenda Singida mjini, Eliwaza alijiona anashuka garini na begi jembamba begani, watu wakimpisha.

Dukani alimkuta muuzaji wa makamo, Bwana Hamduni, ambaye hakuwa na haraka ya kuuza. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Kazi yako inakukuta wapi?"

Eliwaza hakumwelewa.

"Yaani ukichora, unachorea wapi?"

"Ofisini kwangu."

"Na ukienda kwa mteja?"

"Nabeba futi na daftari. Napima kiwanja, narudi kuchora."

Bwana Hamduni akawasha mashine mbili za bei moja, laptopu na kompyuta ya mezani. Eliwaza alikuwa amekuja na ramani yake kubwa kuliko zote, ya nyumba ya wageni ya ghorofa moja. Akaifungua kwenye laptopu. Ilifunguka vizuri, lakini alipoigeuza nyumba ili aione kwa nyuma, feni ikaanza kuvuma, pale alipolaza kiganja pakapata moto, na picha ikawa inakuja vipande vipande. Akaifungua kwenye ile ya mezani. Nyumba ikageuka taratibu, nzima, kama sahani mkononi mwa mtu. Skrini yake ilikuwa pana, hata hakulazimika kuinamisha shingo.

"Nikueleze na ubaya wake," alisema Bwana Hamduni. "Umeme ukikatika, hii inazima. Utahitaji betri ya akiba, nayo itakupa dakika chache tu za kuhifadhi kazi. Na ukiitwa mbali, hutaibeba."

Eliwaza alisimama pale muda mrefu. Alijiuliza ni siku ngapi katika mwezi huwa nje ya ofisi, akapata mbili, tatu zikizidi. Siku nyingine zote alikuwa kitini toka asubuhi hadi jioni, macho kwenye mistari. Lile begi jembamba likamtoka begani polepole. Akachukua ya mezani.

Yonazi alipofika ofisini aliyazunguka maboksi kama mtu anayekagua ng'ombe aliyenunuliwa bila yeye kuulizwa.

"Umenunua jiwe," akasema. "Haya, tutaona."

Mwanzoni jiwe lilifanya kazi nzuri. Ramani iliyokuwa ikimchukua siku nne, Eliwaza aliimaliza kwa siku moja na nusu, na shingo ikaacha kumuuma. Kisha ikaja barua kutoka Kisima cha Juu, kijiji cha mbali kidogo na mji. Akina mama wa kule walikuwa wamefyatua matofali na kuyachoma wenyewe, wapate kujenga nyumba ya kusubiria uzazi, ili mjamzito anayetoka mbali afike mapema na kupumzika badala ya kushikwa na uchungu njiani. Kamati ilimwomba achore ramani, kisha aende kuwaonyesha wanakijiji wote mkutanoni. Mkutano ukiikataa, kazi itapewa mtu mwingine.

Eliwaza alichora kwa moyo wake wote. Alipomaliza ndipo alipokumbuka neno lile: kuwaonyesha.

"Unaona sasa?" alisema Yonazi. Hakusema kwa kumkomoa, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Alichapisha ramani kwenye karatasi kubwa akaenda nazo. Karatasi zikapita mkono kwa mkono. Wengine walizishika juu chini, wengine wakazitazama kwa heshima na kuzipitisha haraka. Zikamfikia Bibi Zelifa, mkunga wa jadi aliyewapokea karibu nusu ya watu waliokuwapo pale. Akaitazama ile karatasi, akaiweka mapajani.

"Mjukuu wangu, mimi nyumba ya mistari siijui kuiingia," alisema. "Hii ni nzuri au mbaya, nitajuaje?"

Mwenyekiti wa kamati akakohoa. Eliwaza aliona kazi inamponyoka, akaamua kusema kweli.

"Bibi, nyumba hii ninayo ikiwa imesimama, na kuta zake na bati lake. Mtu anaweza kuingia ndani kwa macho, akapita chumba kwa chumba. Lakini imo ndani ya mashine yangu mjini, na mashine yenyewe haitembei. Nisameheni. Ningenunua ya kubeba, leo mngeiona."

"Haitembei kabisa?"

"Haitembei, bibi."

Bibi Zelifa akamkazia macho, kana kwamba binti huyu ameomba radhi kwa sababu jua linachomoza mashariki.

"Sasa unachoombea msamaha ni nini? Kinu nacho hakitembei, lakini nyumba hula. Nani amewahi kujitwisha kinu akakipeleka shambani? Tunabeba mtama wetu, tunakwenda kilipo." Akawageukia wenzake. "Jumatano trekta la ushirika lina safari?"

Jumatano trekta likaingia Kiomboi likivuta tela lililojaa akina mama wa Kisima cha Juu, wamefunga khanga, wanaimba, na wanaume watatu wa kamati wamebanwa katikati yao. Watu wa stendi wakadhani ni harusi. Chumba hakikuwatosha hata nusu, kwa hiyo Eliwaza akaisogeza meza dirishani na kuigeuza skrini iangalie barazani. Bibi Zelifa akapewa kiti cha mbele.

Nyumba ikasimama mbele yao. Eliwaza akawaingiza mlangoni polepole, na kelele zote zikakoma. Mama mmoja akanong'ona kwamba ameona dirisha la chumba atakacholala. Wakapita ukumbini, wakakata kona kuelekea chumba cha uzazi.

"Ngoja," alisema Bibi Zelifa. "Turudishe. Mama akiletwa amelala kwenye machela, hapa watapitaje?"

Eliwaza akataja upana wa ule ushoroba, njia ya kupitia kuelekea chumbani. Bibi hakutaka tarakimu. Akainuka, akawaita wanawake wanne, wakatandaza khanga na kuishika pembe zake kama machela. Akamwagiza Eliwaza achore kona kwa chaki barazani, kwa vipimo vile vile. Wale wanne wakaja kwa hatua za kazi, wakafika konani, wakakwama. Wawili wa nyuma walikuwa wamesimama juu ya ukuta wa chaki.

Eliwaza alihisi uso unamwaka, kwa kuwa ramani ile alikuwa ameihesabu imekwisha. Akarudi kitini, akaushika ukuta kwenye skrini, akausogeza. Nyumba nzima ikajipanga upya mbele ya macho yao, mlango ukafuata, bati likafuata.

Vigelegele vilivyotoka pale viliwafanya makondakta waache abiria na kuja kuchungulia. Tangu hapo kila mtu akawa na neno: jiko ligeuzwe moshi usiingie vyumbani, benchi liwekwe penye kivuli, bafu lisogezwe karibu. Eliwaza akawa anasogeza, wao wakitazama, hata wasioweza kusoma jina lao wakaisoma nyumba yao. Yonazi alipotoka shuleni aliukuta umati. Akauliza kuna nini, akaelezwa na watu watatu kwa pamoja. Alikwenda kuleta madumu mawili ya maji ya kunywa, akawa anawagawia wageni wa dada yake, na mtu angemtazama angemwona anatabasamu peke yake.

Mwaka uliofuata, Yonazi alipopewa kazi ya kuzungukia shule za kata, Eliwaza ndiye aliyemsindikiza kwa Bwana Hamduni kununua laptopu. Kazi ya kaka yake ilikuwa barabarani, naye Eliwaza hakumpinga hata kidogo.

Nyumba ya Kisima cha Juu ilijengwa kama ilivyopangwa barazani. Siku ya kuifungua, akina mama hawakungoja hotuba. Walimnyanyua Bibi Zelifa, wakamlaza kwenye machela mpya, wakamwingiza nayo mlangoni wakiimba. Wakapita ukumbini, wakafika konani, wakapinda bila kusimama, wakatokea chumba cha uzazi. Eliwaza alikuwa nyuma yao, anacheka huku machozi yanamtoka.

Bibi akainua kichwa kutoka pale alipolazwa, akamtafuta kwa macho katika kundi lile.

"Unaona, mjukuu wangu?" akasema. "Kinu hakitembei, lakini nyumba hula."