Kilio cha Farasi Kilivyobaki kwa Punda

Mnaniuliza mimi, muuza majani ya farasi? Haya. Tangu mbio zimalizike nawasikia mkibishana hapa kibandani kwangu. Huyu anasema kumshindanisha farasi ni uonevu mtupu, yule anasema farasi kaumbiwa mbio kama samaki alivyoumbiwa maji. Na wewe Dadi, uliyeshinda leo hata kilemba kimekwenda upande kwa furaha, una neno lako moja tu: "Kama angeumia, angelia." Sasa umelisema mara ya tatu, basi kaeni, na huyo anayetafuna muwa atafune polepole, niwaeleze kwa nini farasi halii.

Zilikuwako siku ambazo farasi alilia. Sisemi kule kuita kwake akimwona mwenzake au akinusa maji, hiyo anayo hadi leo. Nasema kulia kwa uchungu. Akichomwa na mwiba, au mgongo ukichubuliwa na tandiko, alitoa sauti ya kupanda na kushuka, yenye kwikwi ndani yake, hata wanawake kisimani wakaweka ndoo chini na kushika vifua. Hakuna aliyeweza kuisikia sauti ile akaendelea na shughuli zake. Siku hizo watu na wanyama walielewana maneno, isipokuwa punda. Punda alikuwa bubu. Alipigwa kimya, akabebeshwa kimya, akafa kimya, na watu wakasema ana moyo mgumu.

Mji wetu huu ulikuwa na mitaa miwili, Juu na Chini, na kisima kimoja cha maji matamu. Kila kiangazi kilipoingia, kila mtaa ulitoa farasi mmoja na mpandaji mmoja. Waliondoka kisimani, wakazunguka ukuta wa makaburi ya kale, wakarudi kisimani. Mtaa ulioshinda ulichota alfajiri, kisima kikiwa kimejaa. Ulioshindwa ulichota jioni, yaliyobaki. Na sharti lilikuwa moja: farasi akilia njiani, mzee wa baragumu hulipiga, mbio zinakoma palepale, na mtaa wa farasi huyo umeshindwa. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyepanda na bakora. Angeibeba ya nini, ajishindishe mwenyewe?

Ukaja mwaka ambao vuli haikunyesha, na masika yakapita na manyunyu ya kulowesha vumbi. Maji yakashuka kisimani mpaka kamba zikaunganishwa mbili mbili. Kila mtu alijua kwamba mwaka huo atakayechota jioni atachota tope.

Mpandaji wa Chini alikuwa Famau, kijana mpole ambaye hata kuku alimfukuza kwa maneno. Farasi wake alikuwa jike mwekundu aitwaye Marijani. Alimlea tangu siku ya kuzaliwa, akimnywesha kwa kiganja. Mwaka huo mkewe Famau, Mwanaesha, alikuwa na kitoto cha kike cha siku kumi na moja, na kiu ilikuwa imemkausha maziwa. Kitoto kilianza kwa kulia usiku na mchana. Kisha kikawa kinalia kidogo. Kisha kikawa kinafungua mdomo tu, bila sauti. Jirani mmoja akasema, "Afadhali sasa kimetulia." Mwanaesha alimtazama kwa jicho ambalo jirani yule hakulisahau. "Hakijatulia," akasema. "Kimeishiwa."

Shikeni neno hilo, maana Famau alikuwapo na alilisikia.

Siku tatu kabla ya mbio, Marijani alikanyaga kigae. Kilio chake kilitikisa mtaa mzima. Famau alikimbia akakuta kigae kimezama katika ukwato wa mguu wa mbele, akakitoa kwa kisu, damu ikamrukia kifuani. Akaosha, akafunga. Lakini kila Marijani alipoukanyaga mguu ule alilia, na mtaa wa Chini haukuwa na farasi mwingine wa kushindana hata na mbuzi.

"Usilie," Famau akamwomba. "Siku moja tu, Marijani. Mwanangu anakufa."

"Kulia si jambo ninaloliamua," Marijani akajibu. "Mguu ukiuma, sauti hutoka yenyewe. Ukitaka nisilie, usinikimbize."

"Nisipokukimbiza tumeshindwa."

Marijani alikijua kile kitoto. Kiliwahi kuletwa bandani, kikawekwa karibu na pua yake, na pumzi yake ikakilaza usingizi. Mwishowe akasema, "Basi nitafutie mtu wa kunishikia kilio changu, mpaka mbio ziishe."

Amana mjini kwetu ina utaratibu wake, mnaujua. Hata ukiacha kikombe kwa jirani, unaita mashahidi wawili, wanatazama kinavyotoka na wanatazama kinavyorudi. Bila mashahidi, amana haina kesi. Famau alijua hivyo kuliko ninavyojua mimi. Lakini angeita nani? Jambo lenyewe lilikuwa hila, na mwenye hila haaliki watu. Usiku wa kuamkia mbio akamwongoza Marijani kwa uchochoro hadi kwenye tanuri la mchoma chokaa, alikofungwa punda wa kubeba mawe. Mgongo wa punda yule ulikuwa vidonda vitupu. Famau akamwambia, "Shika amana hii mpaka jioni ya mbio." Punda alikuwa bubu, akafungua mdomo tu. Marijani akaweka mdomo wake juu ya ule wa punda, akapumua ndani yake kwa nguvu, kisha akaukanyaga ule mguu mbovu kwa kujaribu. Kimya, ni punda tu aliyeguna chini kwa chini. Machozi yalimtoka Marijani, lakini kimya.

Famau akamkumbatia shingo. "Nitakwenda mwendo wa kukubeba," akamwapia. "Kila hatua nitauangalia mguu wako."

Siku ya mbio watu wa Juu walijipanga upande mmoja wa kisima na wa Chini upande wa pili, na hapakuwa na ngoma wala mzaha. Ndoo tupu zilipangwa mstari. Mwanaesha alikaa mbele kabisa na kitoto mapajani, kimefunikwa kitambaa kilicholoweshwa kwa tone la mwisho la mtungi wao. Mpandaji wa Juu alikuwa Shekuwe, na farasi wake wa kijivu alikuwa mzima, amekula, hana hata mkwaruzo. Mzee wa baragumu akashusha mkono, wakaondoka.

Mwanzoni Famau alitimiza ahadi. Aliegemea upande usiouma, akauangalia mguu, akamsemesha Marijani polepole. Shekuwe akampita. Walipofika ukuta wa makaburi, farasi wa kijivu alikuwa mbele kwa urefu wa nyumba. Wakazunguka. Famau akainua macho, akaona kisima kule mbali, akaona ndoo, akaona nguo ya Mwanaesha. Akamtazama Marijani. Marijani alikuwa akikimbia kimya. Na hapo, jamani, aliyemwomba asilie ndiye aliyesahau kwamba anaumia. Famau akajiambia, "Ah, kumbe hali yake si mbaya. Kama angeumia, angelia."

Ndiyo, Dadi. Neno lako hilohilo.

Akafungua mshipi kiunoni akampiga. Hakuwa amempiga maisha yake yote. Marijani akaruka mbele kwa shoti, na kutoka kule kwenye tanuri la chokaa kikapanda kilio.

Watu wote walikisikia. Ndoo zikaanguka. Mzee wa baragumu akalipeleka baragumu mdomoni, akawakodolea macho farasi wawili wanaokuja. Wa kijivu mdomo umefungwa. Mwekundu mdomo umefungwa. Nani amelia? Akalishusha. Famau akapiga tena, na kilio kikapanda tena, cha kupanda na kushuka, chenye kwikwi. Baragumu likapanda mdomoni, likashuka. Watu wa Juu wakapiga kelele, "Farasi analia!" Wa Chini wakajibu, "Yupi? Mwonyesheni!" Hakuna aliyeweza kumwonyesha.

Lakini Famau alikijua kilio kile. Alikuwa amekisikia tangu Marijani akiwa mdogo. Alijua kila mshipi ulipotua analia nani. Nisiwafiche, hapa kila ninapohadithia moyo wangu hugoma. Alikisikia, akakijua, akapiga tena. Alipiga mara saba, na punda kule tanurini alilia mara saba, na Marijani akampita yule wa kijivu kwa urefu wa shingo, pua yake ikagusa ukingo wa kisima.

Vigelegele! Famau akashushwa, akabebwa mabegani. Maji ya kwanza akapewa Mwanaesha. Akanywa, akanywa tena, akakipangusa kitoto midomo kwa kidole chenye maji. Kesho yake maziwa yakarudi, na kitoto kikalia kilio kikubwa cha mtoto mwenye nguvu, mtaa mzima ukacheka kwa furaha. Mnaona? Sikuja kuwaambia kwamba Famau hakuwa na sababu. Sababu alikuwa nayo, nayo ilikuwa hai na ilikuwa na jina. Mimi mwenyewe ni mama. Sijui ningefanyaje.

Ila siku ileile ya mbio, akiwa bado mabegani mwa watu, alitazama chini akaona nyayo. Kutoka ukuta wa makaburi hadi kisimani, kila nyayo tatu kavu zilikuwa na moja nyekundu. Akajirusha kutoka mabegani. Marijani alikuwa amesimama peke yake, povu limekauka kifuani, ukwato umepasuka hadi juu. Hakuna aliyekuwa amemtazama. Wangemtazamaje, na hakutoa sauti?

Wakaenda wawili, hatua kwa hatua, hadi tanurini. Famau akasema, "Ee punda, tumekuja kuchukua amana yetu."

Na punda, ambaye hakuna mtu aliyewahi kusikia neno lake, akasema. "Miaka saba nabeba mawe ya mchoma chokaa huyu. Watu husema punda afe, mzigo wa bwana ufike, na mimi nilikuwa sina hata sauti ya kusema hapana. Leo kilio cha Marijani kilipotoka mdomoni mwangu, bwana wangu alisikia. Alikuwa ameinua fimbo. Akaishusha, akanitazama mgongo, akaniteremshia mawe mawili. Mawili tu. Lakini ndiyo mara ya kwanza. Nyinyi mliokuwa na kilio mmekitoa kwa mikono yenu ili mshinde. Mimi nitakirudisha ili nipate nini?"

"Ilikuwa amana!" Famau akafoka.

"Mashahidi wako wapi?" punda akauliza.

Famau akamgeukia Marijani, akitaka yeye adai. Marijani aliutazama mgongo wa punda, vidonda vyake na nzi wake, kisha akainamisha kichwa. Hakudai. Nyinyi mnapenda kusema asante ya punda ni mateke. Mimi siku zote namtetea, maana siku ile aliyepiga mateke hakuwa punda.

Kesho yake Famau alisimama kisimani mbele ya mitaa yote miwili akakiri kila kitu, na mshipi wake akautupa kisimani. Watu wa Juu na wa Chini wakagawana maji ya mwaka ule, ndoo kwa ndoo, kwa aibu. Marijani hakukimbia tena. Aliishi miaka mingi akichechemea, na kila asubuhi Famau aliinua ule mguu, akauosha, akamwuliza, "Unauma?" Na kila asubuhi hakujua jibu, maana maneno ya Marijani nayo yalikwenda na kile kilio.

Na tangu siku hiyo farasi huumia kimya. Huvunjika mguu kimya, hukata pumzi kimya, na wapandaji husema anapenda mbio, mbona halalamiki. Na tangu siku hiyo punda hulia ghafla, hata kama hakuna aliyemgusa, kwa sauti ya kupanda na kushuka yenye kwikwi ndani yake, nanyi mnacheka. Wazee wetu hawakucheka. Wao waliweka ada badala ya lile sharti la baragumu: mshindi hapigiwi kigelegele hata kimoja mpaka ashuke, ainue miguu yote minne ya farasi wake mmoja mmoja mbele ya watu, na ikipatikana damu, hakuna ushindi. Mama yangu aliiona ikifanywa. Mimi niliiona nikiwa msichana. Leo nimekaa hapa tangu asubuhi na majani yangu, nimeona kombe, nimeona picha, nimeona mmebebana mabegani. Mguu ulioinuliwa sijauona.

Basi msiniulize mimi kama ni uonevu. Niliyoyajua nimeyasema. Sikilizeni... mnamsikia? Ni punda wa yule mleta maji, kule nyuma ya uwanja, na hakuna aliyemgusa.

Mbona umesimama, Dadi? Hata kilemba kimekuanguka. Nenda, mwanangu, chukua maji ndooni kwangu na hicho kitambaa. Mfuate farasi wako, uanze na mguu wa nyuma, wa kushoto. Huo ndio anaouinuainua tangu mlipomfunga pale.