Mbegu ya Mwisho ya Bi Nungunungu

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni!
Imetoka mbali, ina kiu!
— Ipeni maji, ikae!

Haya, imekaa. Sogeeni. Sasa fumbeni macho kidogo, mwone nami. Bonde refu, la kijani. Juu kabisa kuna bwawa. Kutoka bwawani unashuka mfereji mmoja, umejipinda kama mkia wa paka. Unapita shamba hili, unapita lile, unapita lile, mpaka shamba la mwisho kule chini, dogo kama mkeka. Mmeliona? Shamba hilo la mkeka ni la Bi Nungunungu.

Zamani hizo, wanyama wa bonde lile walikuwa wakulima. Bi Nungunungu alilima kunde. Mumewe alikwisha kufa, akamwachia watoto watatu. Na msimu huo kunde zilikuwa zimetoa maua, na maua yalikuwa yameanza kuinama. Maji yakifika, watoto watakula. Yasipofika, hawatakula. Ndiyo hivyo tu.

Na maji hayakuwa yakifika. Yalitoka bwawani mengi, yenye kelele. Yakifika chini, ni tone, na tone, na basi.

Ikaja siku ya kumchagua mgawa maji. Kila nyumba ilipewa mbegu moja ya boga. Unaingia kibandani peke yako, unakuta mitungi mitatu, kila mmoja wa mgombea wake, unatia mbegu yako katika mmoja, unatoka. Lakini kulikuwa na desturi, na hapa nitegeeni sikio. Siku hiyo bwawa linazibwa. Kizibo hakizibuliwi mpaka nyumba ya mwisho itie mbegu. Aliyekilinda kizibo alikuwa Mzee Korongo, ambaye husimama kwa mguu mmoja na haharakishwi na mtu.

Kwa hiyo kila msimu wanyama walitia mbegu mbiombio, maji yafunguliwe. Msimu ule pia, jua halijapanda vizuri, nyumba zote zilikuwa zimemaliza.

Zote, ila moja.

Bi Nungunungu alisimama mlangoni pa kibanda, mbegu mkononi. Alitazama mtungi wa Nyati. Akatazama mtungi wa Tumbili. Akatazama mtungi wa Ngiri. Miiba yake ikalia: cha, cha, cha. Ndivyo ilivyolia kila alipofikiri.

"Mama, kulikoni?" akauliza Mzee Korongo.

"Mzee wangu, hakuna hata mmoja anayenikaa moyoni. Nyati anatudharau sisi wa chini. Tumbili anaahidi mpaka mvua. Na huyo Ngiri, mwaka jana watu wake walinifukulia viazi vyangu, hata pole hawakusema."

"Basi tia popote, twende nyumbani."

"Popote si mahali, Mzee. Nipe muda."

Wanyama wakaanza kuimba, huku wakipiga vidumu:

*Bi Nungunungu, tia mbegu!*
*Maji yanangoja, tia mbegu!*

Yeye akaifunga mbegu kwenye pindo la kanga yake, akashuka bondeni. Na kwa kuwa njia ilikuwa imejaa watu wa kumzomea, alipita ndani ya mfereji. Mfereji ulikuwa mkavu, si bwawa limezibwa?

Akatembea polepole, kona ya kwanza, kona ya pili. Kona ya tatu, penye mwamba, akasimama. Chini ya ukingo palikuwa na ufa mpana wa kuingiza kichwa cha mtoto. Ndani ya ufa, udongo ulikuwa bado umelowa. Cha, cha, cha, ikalia miiba. Kumbe maji yalikuwa yanapotelea hapa! Siku zote maji yenyewe yalikuwa yameuficha ufa. Na siku mfereji ulipokuwa mkavu, hakuna aliyewahi kuutembea, maana kila mtu alikuwa na haraka.

Mngekuwa nyinyi, mngefanya nini? Mngekimbia mkapige kelele? Yeye hakukimbia. Alikwenda kwanza kwa Nyati.

Nyati alikuwa amelala shambani kwake juu, watu wake wamemzunguka.

"Bwana Nyati, umesema maji hayafiki chini kwa sababu sisi wa chini ni wavivu. Si kweli. Njoo nikuonyeshe."

Nyati hakuinua kichwa. "Nani huyo anaongea?"

"Bi Nungunungu wa shamba la mwisho."

"Mwambieni," Nyati akawaambia watu wake, "mwenye shamba la mkeka azungumze na wenye mikeka." Wakacheka mpaka wakakohoa.

Bi Nungunungu akageuka. Nyuma yake, wimbo: *Maji yanangoja, tia mbegu!*

Akaenda kwa Tumbili. Tumbili alimrukia kwa furaha. "Dada yangu! Shangazi yangu! Mama yangu mzazi!"

"Bwana Tumbili, umeahidi kila shamba litapata maji asubuhi, mchana na jioni. Bwawa ni moja. Haiwezekani."

"Kweli kabisa! Haiwezekani!"

Hapo akapita Swala. "Tumbili, maji ya mchana yapo au hayapo?"

"Kweli kabisa! Yapo!"

"Bwana Tumbili," akasema Bi Nungunungu, "mfereji una ufa. Njoo uone."

"Nakuja! Kesho. Au hata leo. Kesho!" Na alikwisha kuruka kwenda kumkumbatia mwingine.

Wimbo nao ulikuwa umeanza kuwa mkali: *Maji yanangoja! Maji yanangoja!* Jua lilikuwa utosini. Watoto wake wakamjia mbio. "Mama, maua mawili yameanguka."

"Nimesikia, wanangu. Nendeni mkayafunike kwa majani. Naja."

Akaenda kwa Ngiri. Ngiri alikuwa anachimba, amepiga magoti kama afanyavyo siku zote. Hakumkaribisha.

"Unataka nini?"

"Umesema maji hayafiki chini kwa sababu Nyati anayanywa yote. Si kweli. Yanapotelea kwenye ufa, kona ya tatu. Na nadhani ufa huo mmeuchimba nyinyi."

Loo! Nywele za mgongoni mwa Ngiri zikasimama. "Sisi? Unakuja hapa, siku ya leo, kunitukana mbele ya watu wangu?"

"Sikutukani. Nakuambia."

"Nani kakutuma? Nyati?"

"Kunde zangu."

Ngiri akakoroma. Akazunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili. Mara ya tatu akasimama, akasema kwa hasira ile ile, "Wapi?"

Wakaenda. Ngiri akaingia mferejini, akapiga magoti penye mwamba, akachungulia. Kwenye udongo palikuwa na alama za pembe mbili zilizopinda. Akaziweka pembe zake juu ya alama. Zikalingana.

"Ni sisi," akasema. "Tulikuwa tunatafuta mizizi."

"Na viazi vyangu?"

"Viazi hivyo nilikula mimi mwenyewe." Akameza mate. "Vilikuwa vitamu."

Bi Nungunungu nusura acheke. Ngiri hakuomba radhi vizuri, hakujua namna. Lakini aliinama, akaanza kusukuma udongo na mawe ndani ya ufa, na alipokwisha akaukanyaga kwa miguu minne.

Kisha akasema, "Haya, nimeziba. Sasa wewe ni wetu. Utaimba wimbo wetu."

"Hapana, baba. Umenisikiliza nilipokuambia umekosea, kwa hiyo nitakupa mbegu yangu. Lakini umesema wachimbaji, watu wako, wapate zamu ya kwanza ya maji, na hilo silikubali. Nitalisema kila kikao."

"Unanipa mbegu halafu unanipinga?"

"Mbegu ni yako kwa msimu mmoja. Mdomo ni wangu."

Ngiri akajikung'uta udongo magotini. "Wewe mama ni msumbufu."

"Ndiyo."

Bi Nungunungu akapanda hadi kibandani, kanga imejaa vumbi la mfereji. Watu walikuwa wamechoka hata kuimba. Akaingia peke yake. Mitungi ilikuwa mitatu kama asubuhi, na hakuna hata mmoja uliokuwa umegeuka kuwa wa kumpendeza. Akafungua pindo. Miiba haikulia. Tok! Mbegu ikaanguka katika mtungi wa Ngiri.

Mzee Korongo akashusha mguu wa pili, akazibua kizibo. Maji yakateremka na kelele zake. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Kona ya tatu, penye mwamba, yakapita moja kwa moja. Bi Nungunungu hakukaa kusubiri mitungi imwagwe. Alikimbilia chini, akasimama na wanawe shambani, na maji yakaingia miguuni mwao, ya baridi, mengi.

Mitungi ilipomwagwa, Ngiri alikuwa amepita. Watu wake walicheza mpaka jioni. Bi Nungunungu hakucheza. Alikuwa anafungua vijitaro vya maji katikati ya kunde.

Kikao cha kwanza kilipoitwa, Ngiri alisimama, akatangaza zamu za maji. Hajamaliza, mkono ukainuka nyuma kabisa. Cha, cha, cha.

"Wewe tena!" akasema Ngiri.

"Mimi tena, baba."

Ngiri akakoroma. Nywele zikasimama, zikalala. "Haya. Sema."

Akasema. Wakabishana mpaka koo zikakauka. Zamu ya kwanza haikuwa tena ya wachimbaji; wakaigawa kwa zamu: msimu huu wa juu, msimu ujao wa chini. Na tangu hapo, siku ya kuchagua, wanyama wa bonde lile hutembea kwanza ndani ya mfereji mkavu, kona baada ya kona, ndipo waingie kibandani.

Hadithi imekunywa!
— Imeshiba!
Inaomba njia!
— Ipisheni, iende salama!

Nanyi, wanangu, mtakuwa wakubwa. Siku moja mtasimama mbele ya mitungi yenu, na huenda hakuna hata mmoja utakaowakaa moyoni. Siku hiyo nawaomba mkumbuke kitu kimoja tu: vumbi kwenye kanga ya yule mama.